Nani ana haki ya kumwamuru anayejitolea?

Mtu asiyekulipa hata senti ana haki gani ya kukuamuru uingie katika nyumba inayoungua?

Swali hili si la kubuni. Nchini Chile kazi ya zimamoto hufanywa na watu wa kujitolea. Kikosi cha Valparaíso kilianzishwa mwaka 1851, baada ya moto mkubwa wa Desemba 1850. Cha Santiago kilianzishwa Desemba 1863, siku 12 tu baada ya kanisa lililojaa waumini kuungua na kuua watu wapatao 2,000. Mpaka leo wanachama wake wana kazi zao nyingine za kuwalisha, na viongozi wao huwachagua kwa kura.

Mwajiri akikuamuru, ana mshahara wa kukupa na barua ya kukufukuza. Kiongozi wa wanaojitolea hana hata kimoja kati ya hivyo. Wapo watakaosema kura zinatosha, kwa kuwa waliomchagua wamemridhia. Mimi naona hazitoshi. Kura humpa mtu cheo, lakini hazimfundishi kuusoma moshi, kutambua paa linalokaribia kuporomoka, wala kusema "tokeni" wakati wenzake bado wanataka kuendelea. Abu Dharr (R.A.) alikuwa mkweli na mchamungu, lakini alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa yeye ni dhaifu kwa jambo hilo, na kwamba uongozi ni amana. Wema wake haukutiliwa shaka. Kilichopimwa ni uwezo wa kubeba mzigo ule.

Kwa hiyo haki ya kuamuru hutafutwa kabla ya moto kuwaka. Kikosi makini humlea kiongozi hatua kwa hatua: kwanza ashike mpira wa maji chini ya mwingine, kisha aongoze wenzake wachache mazoezini, kisha asimamie tukio dogo huku mkubwa wake akimtazama na kumsahihisha. Hufundishwa kuhesabu watu wake: nani kaingia, yuko na nani, na nani amebaki nje tayari kuwaokoa. Anayejua hesabu hiyo ndiye mwenye haki ya kusema "ingia".

Utauliza: si dhuluma kumdai kiasi hiki mtu anayetoa nguvu zake bure? Hapana. Hakuna aliyelazimishwa kujitolea, na anayekataa mapema hana lawama. Lakini ukishakubali, wenzako wanaweka roho zao mikononi mwako, na hisani yako inageuka kuwa dhamana. Moto haumwonei huruma mtu kwa sababu kiongozi wake hakulipwa.

Nasi katika jumuiya zetu za wanafunzi tuna viongozi wasiolipwa. Kila mwaka tunachagua, mara nyingi yule anayezungumza vizuri, kisha tunamkabidhi muhuri na mafaili wiki ya mitihani, na anayeondoka anaondoka na kila alichojifunza. Mwaka unaofuata tunalalamika kwamba jumuiya imelala. Sisi hatuingii motoni, ni kweli, lakini tunashika michango ya watu, na mwanafunzi mgeni anapougua usiku, sisi ndio anaotupigia simu.

Basi kabla ya kuuliza nani atagombea mwakani, tumuulize kila aliye madarakani leo: ni nani unayemfundisha kazi yako?