Amejitakia

Kwenye kadi za harusi tunaandika "nawatakia maisha mema". Mahafali ya kidato cha nne hayaishi bila bango la "tunawatakia mtihani mwema". Kitenzi ni taka, kikaongezewa -i- ya kumtendea mtu, na hapo kinageuka baraka. Sasa mwondoe huyo unayemtakia, weka -ji- mahali pake: "amejitakia". Baraka imekwisha. Hakuna hata anayeuliza amejitakia nini. Wote tunajua ni balaa.

Neno hili ukitaka kulisikia likifanya kazi, kaa nusu saa kwenye kijiwe cha bodaboda pale Ilongero. Kijana kaanguka na pikipiki usiku, mguu umevunjika. Kabla chai haijapoa, hukumu imetoka: "Huyo kajitakia, alikuwa anakimbiza sana." Pengine kweli alikuwa anakimbiza. Lakini pikipiki ni ya mkataba, tajiri anadai hesabu yake kila siku iwe mvua iwe jua, siku hiyo abiria walikuwa wachache, na barabara ile kila mtu anaijua. Vyote hivyo vimo kwenye ajali. Kwenye sentensi havimo.

Na hapo ndipo sarufi inaponitia wasiwasi. Kile kiambishi -ji- hukaa kwenye kiti cha mtendwa, na kiti chenyewe ni kimoja. "Amenikata": yupo yeye, nipo mimi. "Amejikata": mtenda ni yeye, mtendwa ni yeye, na mlango umefungwa. Ni sentensi yenye mtu mmoja tu. Ukisema "amejitakia" umeshawatoa wengine wote nje, tajiri na mkataba wake wakiwemo, na hukuhitaji hata kuwataja.

Aristotle alilipigia hesabu swali hili zamani sana, kwa mfano wa nahodha aliyekumbwa na tufani akaitupa shehena baharini ili aokoe watu wake. Je, alitaka kuitupa? Mkono ni wake na uamuzi ni wake. Ila hakuna mwenye akili timamu anayetoka bandarini akitamani kutupa mzigo. Aristotle akasema vitendo vya namna hiyo ni mchanganyiko, vina hiari ndani yake na vina kulazimika. Kiswahili chetu cha kijiweni hakina kitenzi cha mchanganyiko huo. Nahodha akirudi mikono mitupu, tutasema kajitakia, nani alimtuma asafiri kipindi cha pepo?

Wahispania wao wana mchezo wa kinyume. Kiambishi chao cha kujirejea, se, huwa kinampunguzia mtu mzigo. Glasi ikimponyoka anasema "se me rompió el vaso", yaani kama vile glasi imejivunja yenyewe na yeye ikamkuta tu. Watafiti wawili, Caitlin Fausey na Lera Boroditsky, waliwaonyesha wasemaji wa Kihispania na wa Kiingereza video za watu wakivunja na kumwaga vitu. Pale tukio lilipokuwa la bahati mbaya, wasemaji wa Kihispania walimkumbuka mtenda kwa shida zaidi kuliko wenzao. Lugha haikuwapofusha, ila haikuwahimiza kumtazama.

Nasi tunayo hiyo kinga, tena nzuri. Hatuitafuti kwenye -ji-, tunaipata kwenye -ika. Glasi imevunjika. Fedha zimepotea. Faili halionekani. Mradi umekwama. Mtoto wa miaka mitano anaijua: "Mama, sahani imevunjika!" Basi tuna milango miwili, mmoja wa kumbebesha mtu kila kitu na mwingine wa kumtoa mtu kabisa. Swali langu ni dogo tu: nani anapitishwa mlango upi?

Chukua alizeti. Singida ni alizeti, na kwa miaka kadhaa mkulima aliambiwa alime, aongeze ekari. Akalima. Mwaka 2023 bei ikaporomoka, huku wakulima wakiyalalamikia mafuta ya kula yanayotoka nje. Ona kitenzi: bei "imeporomoka", kama jiwe mlimani. Kodi ya kuingiza mafuta hupangwa na watu, mafuta huagizwa na watu, lakini kwenye sentensi hawaonekani. Halafu mkulima yuleyule aliyekopa mbegu akishindwa kulipa, mtu anarudi kwenye nyumba ya sentensi: kajitakia, nani alimwambia akope?

Au chukua mtoto wa shule aliyepata ujauzito. Juni 2017 Rais Magufuli alitamka kwamba wanafunzi wanaozaa hawatarudi shuleni, na nakumbuka jinsi neno letu lilivyosambaa kwenye daladala na vibarazani: wamejitakia. Wakati huohuo, tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inamhesabu msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wa mtu kuwa hawezi kuridhia. Yaani mahakamani hana uwezo wa kutaka, na mtaani ametaka, tena amejitakia. Na mwanamume? "Mimba imeingia." Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi hao wanaweza kurudi masomoni. Nilifurahi kuona wengi wakiwaita "wanafunzi waliojifungua". Hiyo nayo ni -ji-, lakini sikia tofauti yake: mtu alikuwa amefungwa, akajifungua. Sijui lugha nyingine inayompa mzazi heshima ya namna hiyo kwa silabi chache.

Kwa hiyo siichukii -ji-. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilisimama juu ya kitenzi chenye -ji-: kujitegemea. Ila pale ilikuwa ya wingi. Tujitegemee, sisi, taifa. Leo ukimsikia mtu anasema "nimeanza kujitegemea" ujue kapanga chumba. Na kijana aliyemaliza chuo anaambiwa ajiajiri, awe bosi na kibarua wa nafsi yake, na asipoelewa anaambiwa "jiongeze!" Wingi umetoka kimyakimya, na aliyeshindwa kujiajiri tayari unajua atapewa kitenzi gani.

Mtu atanijibu kwamba pasipo -ji- hakuna mtu mzima, kuna wahanga tu. Ni kweli, na kijana wa bodaboda mwenyewe angeudhika nikimweleza kuwa mwendo wake ulichaguliwa na tajiri. Waswahili wanasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Lakini Ilongero nimeona waliosema "kajitakia" asubuhi wakienda jioni kumwona mgonjwa, unga kichwani na kuni mkononi, na pole wakatoa. Methali ilibaki kijiweni.

Kinachonisumbua ni kwamba neno hili tunamwambia mtu mwingine, karibu kila mara aliye chini yetu. Ni nadra mtu kujibandika -ji- mwenyewe wakati -ika ipo karibu. Ali Hassan Mwinyi alifanya hivyo miaka ya 1970, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mahabusu wakafia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakuwagusa. Angeweza kusema watu wamefariki, makosa yametokea, uchunguzi unafanyika, na sarufi ingemkubalia kabisa. Akaandika barua ya kujiuzulu. Kuuzulu ni kumwondoa mtu madarakani, na yeye akajiweka kwenye kile kiti kimoja cha mtendwa bila kusukumwa na kijiwe. Mwaka 1985 akawa Rais.