Damu Isiyoganda: Mama Ana Kosa Gani?



Mtoto wa kiume anapotahiriwa na damu ikakataa kukoma, familia huuliza, "Ugonjwa huu umetoka kwa nani?" Jibu likielekea kwa mama, wapo wanaomwona mkosaji, na wengine hufikiria hata talaka. Mimi naona hiyo ni dhuluma.

Tuanze na elimu. Hemofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, hutokana na hitilafu ya jeni iliyo kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili; moja ikiwa na hitilafu, nyingine kwa kawaida humkinga, ingawa wapo wabebaji ambao nao hutokwa damu kupita kiasi. Mwanamume ana X moja tu, aliyoipata kwa mama. Ikiwa na hitilafu, anaugua. Kila mtoto wa mama mbebaji, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kuirithi jeni hiyo. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, lakini binti zake wote huwa wabebaji. Tena, takriban theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia kali hutoka katika familia ambazo hazikuwahi kuuona ugonjwa huu.

Ni nani kati ya hawa aliyechagua? Hakuna. Al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika habari za kijiji ambacho wanaume wake walikufa kwa kutokwa damu kutokana na majeraha madogo. Elimu hii si ngeni kwetu. Na dini yetu humhesabia mja alilotenda, si alilozaliwa nalo.

Kosa linaweza kuwepo kwingine: kujua na kuficha. Anayejua kwamba ugonjwa huu upo kwao, mume au mke, amwambie mchumba kabla ya nikahi, na aliyeambiwa aitunze siri hiyo. Vilevile, ikiwa wajomba wa mtoto walitokwa damu sana, apimwe kabla ya tohara. Mafaqihi walishaeleza kuwa tohara huahirishwa inapohofiwa kumuua mtu.

Mtu atauliza: dada akisema ukweli, si atakosa mume? Huenda. Lakini hapo wa kulaumiwa ni sisi tunaomkimbia, kwa kuwa tunawafundisha wengine kuficha. Kabla ya kumtaka aseme kweli, tujiulize tutampokeaje akishaisema.