Walimtazama Mdudu, Wakausahau Mwamba

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka katikati ya msimu, na shina liking'olewa lilitoka na mizizi iliyooza. Wengi walichimba mizabibu iliyokwisha kufa, wasione kitu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake wakachimba ile iliyokuwa bado hai jirani yake. Mizizini walikuta vidukari wadogo wa manjano: filoksera, walioingia Ulaya pamoja na miche kutoka Amerika ya Kaskazini. Mdudu huyu hunyonya mzizi, jeraha huoza, na mti ukishaanza kufa yeye huhamia mwingine.

Udongo ulitoa ushahidi wake mapema. Kwenye mchanga wa pwani, karibu na Aigues-Mortes, mizabibu haikufa. Filoksera hupita kwenye nyufa za udongo wa mfinyanzi kutoka mzizi hadi mzizi, na mchanga hauachi nyufa. Ardhi iliyokuwa haina thamani ikaanza kugombewa.

Kwingineko tiba ilikuwa mizabibu ya mwitu ya Amerika, ambayo mizizi yake huzungushia jeraha tabaka gumu na kuendelea kuishi. Wakulima wakabebesha mizabibu yao juu ya mashina hayo. Katika mabonde ya Languedoc, huko kusini mwa Ufaransa, riparia, jamii inayoota kingo za mito huko kwao, ilistawi vizuri. Habari zikaenea, na miche ileile ikanunuliwa hadi Charente, nchi ya kinywaji kikali cha Cognac.

Charente imelala juu ya mwamba wa chaki. Mwamba huo laini hufyonza maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa kiangazi, na zabibu za hapo hubaki na uchachu unaofaa sana kwa kukeneka Cognac. Lakini chokaa nyingi iliyomo katika chaki huuzuia mzizi kufyonza madini ya chuma. Mizabibu ya Ulaya ilikuwa imeizoea hali hiyo. Riparia haikuijua kabisa. Majani yakageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, machipukizi yakadumaa, mashamba mapya yakafa. Mizizini hapakuwa na hatari yoyote ya mdudu. Inauma kulifikiria hilo: watu waliokwisha kufilisika walitumia akiba ya mwisho kununua mche usioshindwa na adui, wakauzika katika udongo usioweza kuulisha. Kufikia 1893 eneo la Cognac lilibakiwa na takribani hekta 40,000 za mizabibu, kati ya zaidi ya 200,000 za awali.

Mwaka 1887 mtaalamu wa mizabibu Pierre Viala alitumwa Amerika kutafuta mzabibu unaoota juu ya chokaa. Huko Denison, Texas, alikutana na Thomas Volney Munson, aliyekuwa ameichunguza mizabibu ya mwitu kwa miaka mingi, na jibu likapatikana kwenye vilima vya mawe ya chokaa vya Texas ya kati: berlandieri. Kasoro yake ni kwamba pingili zake hazitoi mizizi kwa urahisi, kwa hiyo ikatumiwa zaidi kwa kuchanganya mbegu. Mche wa 41B, uzao wa berlandieri na mzabibu wa Ulaya uitwao Chasselas, ndio uliokuja kushika ardhi za chaki za Charente na Champagne.

Siwalaumu wakulima wale, kwa kuwa njaa haingoji utafiti. Lawama yangu ni kwa ushauri uliosifu mche mmoja kwa nchi nzima bila kuuliza kilichopo chini ya jembe.

Nawe unayetaka kuanzisha shamba la zabibu Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, usinunue pingili kwa sababu tu zimestawi kwa jirani. Chimba shimo ulitazame tabaka la chini, peleka udongo wake ukapimwe uchachu, chumvi na chokaa, ndipo uulize bei ya miche.