Shukurani Iliyopitia Goti la Mwingine

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, katika mji wa Atlanta, ilipokwisha fainali ya mpira wa Kimarekani waiitayo Super Bowl, na St. Louis Rams wamekwisha kuwashinda Tennessee Titans kwa pointi 23 kwa 16, mwandishi wa televisheni alimsogelea Kurt Warner, ambaye mitupo yake ya usiku ule ilifikia yadi 414, kipimo ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia katika fainali hiyo, akamwuliza habari ya bao la mwisho. Naye Warner, kabla hajajibu neno juu ya bao, akatanguliza kumshukuru Mwokozi wake Yesu kwa sauti ya mtu asiyeona haya. Wako waliochukizwa, wakidai kuwa Mungu hana haja na mshindi wa mpira. Mimi simo katika hao. Mja aliyejaaliwa jambo asimshukuru Mola wake amekosa adabu, likiwa jambo lenyewe ni mchezo au likiwa ni ufalme. Linalonishughulisha ni jingine, nalo ni zito zaidi: neema ile ilimfikia Warner kwa njia ya goti la mwenziwe lililopasuka, nami nauliza ni kwa moyo gani mtu aishukuru neema iliyopita njia kama hiyo.

Kabla ya hapo Warner alikuwa mtu asiye na jina. Katika Chuo Kikuu cha Northern Iowa alikaa akiba mpaka mwaka wake wa mwisho; mwaka 1994 hakuna timu iliyomchagua, na Green Bay Packers, waliomwita mazoezini, walimwachisha msimu haujaanza; ndipo akaenda kufanya kazi ya usiku katika duka la Hy-Vee mjini Cedar Falls, akipanga bidhaa rafuni kwa ujira wa dola tano na nusu kwa saa. Baadaye akacheza mpira wa ukumbini kwa timu ya Iowa Barnstormers, kisha Amsterdam huko Uholanzi, na hata alipopata nafasi ya akiba kwa Rams, mwanzoni mwa 1999 walimwacha wazi achukuliwe na timu mpya ya Cleveland wakipenda, nao Cleveland hawakumtaka. Habari hizi zimefanyiwa mahubiri na filamu, na ni haki yake, kwani subira ya namna hiyo ni adimu kwa vijana wa zama zetu na hata kwa wazee wao. Lakini wanaoisimulia huiruka upesi siku moja, nayo ndiyo siku ambayo mambo yote yamening'inia juu yake.

Ili siku hiyo ifahamike, yafaa ielezwe hali ya kazi yenyewe. Katika mchezo huu wa watu 11 kwa 11, kotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa kila shambulio, naye ana nukta mbili tatu tu za kutazama wenziwe wanaokimbia mbele, kuchagua mmoja, na kumtupia, ilhali majitu yenye uzito wa kilo 120 na zaidi yanamwelekea yamwangushe. Wachezaji wa nafasi nyingine hupokezana. Kotabeki hapokezani na mtu. Kiti ni kimoja, na aliye akiba aweza kukaa miaka mingi pembeni ameshika karatasi za mipango, akimsaidia kwa ushauri mtu yuleyule ambaye kuanguka kwake ndiko riziki yake. Sijui kazi nyingi zinazoitia majaribuni nafsi ya mtu mwema kama hii, kwani amwombee mwenziwe salama na huku ajue kwamba salama ya mwenziwe ndiyo kufuli ya mlango wake.

Kotabeki wa Rams mwaka ule alikuwa Trent Green, aliyekulia St. Louis hiyohiyo, aliyerudi nyumbani kwa heshima ili aongoze timu ya mji wake. Tarehe 28 Agosti 1999, katika mechi ya maandalizi isiyohesabiwa kwa lolote, Green alikwisha kuutoa mpira mkononi ndipo Rodney Harrison wa San Diego alipomwingia miguuni. Kano ya goti ikakatika, na msimu wake ukaisha kabla ya kuanza. Kocha Dick Vermeil, mzee mwenye huruma, alibubujikwa na machozi mbele ya waandishi, na katika machozi hayohayo akasema kwamba timu itajipanga nyuma ya Warner na itacheza vyema. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 4 tu mwaka uliotangulia ikashinda 13, na Warner akatupa mipira ya mabao 41.

Wahenga walinena, kufa kufaana, na husemwa hata matangani bila ya kumvunjia heshima marehemu wala mrithi, kwa sababu mwana anayeingia katika nyumba ya babake aweza kumhimidi Mungu kwa ile nyumba na huku machozi ya msiba hayajamkauka. Wanazuoni wa Kiislamu wa ilimu ya kalam, yaani ilimu ya hoja za imani, walishindana sana katika mlango huu: Ashaira wakasema kila tendo huumbwa na Mwenyezi Mungu na mja hulichuma, ndiyo maana huulizwa, Muutazila wakakataa, wakasema uadilifu wa Mungu haukubali kunasibishiwa madhara wanayotendeana waja. Mjadala huo siwezi kuukata mimi. Ila naona kwamba, tukishika kauli hii au ile, hatujapewa idhini ya kusoma hikima ya Mungu katika mwili wa mtu mwingine. Anayesema, “Mungu alilivunja goti lile ili anifungulie mimi,” hakuzidisha imani. Amemfanya mwenziwe kuwa daraja, na Trent Green hakuumbwa awe daraja la Kurt Warner. Ana majaaliwa yake, na dua zake, na hesabu yake na Mola wake ambamo jina la Warner huenda lisiwe na nafasi kubwa.

Mfano ulio bora naupata kwa Nabii Daudi kama ulivyosimuliwa katika kitabu cha Samweli. Mfalme Sauli alimwinda miaka mingi, na kifo cha Sauli ndicho kilichomfungulia Daudi kiti. Lakini mjumbe alipoleta habari akidhani ataleta furaha, Daudi alirarua nguo zake, akafunga, akamlilia mfalme yule na mwanawe Yonathani. Wala hakukikataa kiti. Alikipokea na kulia, yote mawili, na hakuna moja lililolifuta jingine.

Na huko mpirani mambo hayakusimama kwa Green na Warner. Tarehe 23 Septemba 2001, Drew Bledsoe wa New England Patriots, aliyekuwa ametia saini mwaka uleule mkataba wa miaka kumi, aligongwa na Mo Lewis wa New York Jets hata mshipa ukapasuka ndani ya kifua, akakimbizwa hospitali damu ikimjaa ndani. Kitini pake akaingia Tom Brady, aliyechaguliwa wa 199 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2000. Tarehe 3 Februari 2002 Brady na Warner walikutana mjini New Orleans katika fainali, wawili ambao kila mmoja amesimama mahali palipoachwa wazi na majeruhi, na Patriots wakashinda 20 kwa 17. Ikiwa goti la Green lilikatika kwa ajili ya ushindi wa Warner, je, kifua cha Bledsoe kilipasuka kwa ajili ya kushindwa kwa Warner huyohuyo? Hesabu ya namna hii haina mwisho, na kila anayeifuata hujikuta amemfanya Mungu kuwa mpangaji wa majeraha.

Warner mwenyewe alipita pande zote mbili. Mwaka 2004, huko New York Giants, alikiacha kiti kwa kijana Eli Manning. Mwaka 2007, huko Arizona, alikirudia baada ya Matt Leinart kuvunjika mtulinga. Lakini lililonigusa zaidi ni la Oktoba 2000, Warner alipovunjika kidole na Green, goti limekwisha kupona, akaingia mahali pake, akacheza mechi tano kwa ustadi, kisha Warner aliporudi akamwachia kiti. Mwaka uliofuata Green alikwenda Kansas City, ambako kocha alikuwa Vermeil, yuleyule aliyemlilia. Akaanza kila mechi ya msimu kwa miaka mitano mfululizo, na katika mitatu ya mwisho kati ya hiyo, 2003 hadi 2005, kila mwaka mitupo yake ilipita yadi 4,000.