Siku Zake Zilikuwa Hazijafika

Januari 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, mmisionari na msafiri wa Kiskoti David Livingstone alilowa mvua, akapatwa na nimonia, akawa anakohoa damu. Alipoteza hesabu ya siku. Akitazama gome la mti aliona nyuso za watu. Akigeuka kando kisha akirudisha macho, zilikuwa palepale. Alijiona amekufa njiani kabla ya kufika Ujiji, ng'ambo ya pili ya ziwa. Wauguzi wa wodi za mahututi wanayajua maruweruwe ya namna hiyo, na wapo wagonjwa wanaoendelea kuyaota wakiwa wamesharudi nyumbani.

Aliyemuuguza ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Alimpa dawa, akaagiza abebwe kwenye kitanda. Jua la utosini lilimbabua, naye akawa anajikinga uso kwa shada la majani huku mwendo wa wapagazi ukimtikisa kifua. Kisha wakavuka ziwa kwa mitumbwi. Machi 14 alifika Ujiji, akakuta sehemu kubwa ya mali aliyotumiwa kutoka pwani imeshaibwa.

Siku zake zilikuwa hazijafika, ndivyo watu husema. Kwa Mwislamu ajali, yaani siku ya mtu ya kufa, imeandikwa, haisogei mbele wala nyuma, na Wakristo wa Kigoma hawako mbali na imani hiyo. Sasa kitanda kilikuwa cha nini, ikiwa angeishi hata angeachwa chini ya mti? Wanazuoni walishajibu: dawa nayo ni sehemu ya kadari. Jibu zuri, ila linaishia mlangoni mwa hospitali. Ajali ni saa ya kufa. Mtu ataishi vipi mpaka saa hiyo ni habari nyingine, na wengi hatuiulizi.

Tuiulize sasa. Mwaka 2017 pekee, watu wanaokadiriwa kuwa milioni 48.9 duniani walipatwa na sepsisi, yaani hali ya mwili kujidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi, na milioni 11 walifariki. Hao wengine tunawaita waliopona. Hata hivyo tafiti, nyingi zikiwa za nchi tajiri, zinaonyesha kwamba takriban theluthi moja ya wanaotoka hospitali hufa ndani ya mwaka, na mmoja kati ya sita hubaki na udhaifu mkubwa wa mwili au akili.

Chukua mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya Maweni baada ya wiki kadhaa katika wodi ya mahututi. Wiki ya kwanza nyumba imejaa: supu, dua, pole nyingi. Mwezi wa tatu hawezi kuvuta wavu, usiku hapati usingizi, na hesabu za mtumbwi zinampotea. Akilalamika ataambiwa amshukuru Mungu, wenzake wamezikwa. Shukrani hapo inageuka kufuli la mdomo.

Livingstone naye hakurudi kwenye afya yake ya awali. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza kwa miezi huko Bambarre, magharibi ya ziwa, na Mei 1873 akafa Chitambo, katika Zambia ya leo. Aliongezewa miaka minne tu, tena ya maradhi. Lakini ndani ya miaka hiyo, Julai 15, 1871, aliwaona wafanyabiashara wa watumwa wakiwamiminia risasi watu sokoni Nyangwe, katika Kongo ya leo, wengi wao wanawake, na mamia walikufa. Taarifa yake iliwakasirisha Waingereza, na Juni 1873 Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Miaka hiyo minne aliipata kwa mkono wa mtu aliyeishi kwa biashara ileile. Je, alikosa shukrani? Kwetu aliyekuuguza humsemi vibaya. Livingstone alimsifu bin Gharib na kuilaani biashara katika shajara zilezile, na hapo alikuwa na haki: uhai haulipwi kwa ukimya. Deni gumu zaidi ni la waliobeba kile kitanda mabegani, ambao huenda baadhi yao walikuwa watumwa. Kama kuna mtu angeweza kuidai ile miaka minne, ni wao.