Jina la Kanga

Kanga, ewe msomaji, ina pindo, mji na jina. Pindo na mji hupendeza macho, jina husema. Mwanamke hujitanda kanga akapita mlangoni pa jirani, na jirani akajua ameambiwa nini.

Tuseme mwenye duka dogo mjini Mombasa ameamua hivi: akili unde imfanyie hesabu za doti na kumwandikia barua za biashara, lakini jina la kanga isitunge. Je, ni haki, au ni ukaidi? Tangu ChatGPT ilipotolewa mwaka 2022, mshindani wake aweza kupata majina mia kabla chai haijapoa.

Huenda ukasema kwamba methali nazo hazina mtungaji ajulikanaye, na wauza kanga wamezitumia bure siku zote. Hoja hii ni nzito, wala siidharau. Lakini aliyeichagua methali alijua itavaliwa na nani na itamchoma nani. Jina likizua ugomvi, yuko wa kuulizwa. Mashine haina mlango wa kupigiwa hodi.

Mpaka huo utampunguzia mauzo, hapana shaka. Na maua ya pindo je? Hapo nasita. Ikiwa mashine ndiyo iliyoyachora, basi na amwambie mnunuzi kabla hajalipa.