Kama Mungu Anajua Tayari, Unaandika za Nini?



Jumapili iliyopita tulipokuwa katika Zaburi ya 139, nilitaja kwa kupitia tu kwamba mimi huandika daftari kila usiku kabla ya kulala. Sikuwa nimepanga kulisema. Ibada ilipoisha, dada mmoja wa idara ya vijana alinisubiri mlangoni akaniuliza: "Pastor, si hiyo zaburi yenyewe inasema Mungu ameshatujua? Sasa wewe unaandika za nini? Unamwambia nini ambacho hajui?"

Nilimjibu haraka haraka, jibu la mtu ambaye watu wanamngoja kwa gari. Halikuwa jibu zuri. Hili hapa ni la pili.

Huyo dada alikuwa amesoma vizuri. Zaburi hiyo inaanza na Daudi akikiri kwamba Bwana amekwisha kumchunguza na hakuna pembe ya maisha yake iliyofichika. Lakini ukifika mstari wa 23, Daudi yule yule anamwomba Mungu amchunguze. Anaomba kitu ambacho mwanzoni alisema kimekwisha fanyika! Ukiwa mtu wa haraka utasema amejisahau. Mimi naona alijua anachoomba. Mwanzoni mwa zaburi ni Mungu anayemjua Daudi. Mwishoni, Daudi anataka naye aonyeshwe. Kati ya hayo mawili kuna safari, na wengi wetu tumeokoka miaka mingi bila kuianza.

Acha nitoe mfano wangu mwenyewe, maana wa mtu mwingine si wangu kuutoa.

Kila Jumanne mimi huketi ofisini kuwapokea wenye shida. Mfuko wa msaada wa kanisa si mkubwa, na kazi yangu ni kusikiliza, kuuliza maswali, kisha kupeleka majina kwa wazee. Kwa vile nilisomea mambo ya biashara, wazee waliona kazi hiyo inanifaa. Nilidai risiti, barua ya chifu, nambari ya simu ya mhasibu wa shule. Hapo hakuna kosa, pesa ya sadaka lazima ihesabiwe. Lakini kulikuwa na mama mmoja (nimebadilisha mambo kidogo ili asijulikane) aliyekuwa akija kuhusu karo ya kijana wake, na kila akija mimi nilipandwa na hasira. Si hasira ya kupiga kelele. Ni ile ya kuangalia saa. Ile ya kumuuliza mtu swali ambalo ameshalijibu. Na nilikuwa nimeipa hasira hiyo jina zuri la Biblia: niliita uwakili mwema.

Daftari ndilo lililonikamata. Usiku mmoja niliandika, "Huyu mama anatumia machozi." Wiki kadhaa baadaye nikarudi kurasa za nyuma nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakuta sentensi hiyo nimeiandika mara nne. Jumanne nne. Na kulikuwa na watu wengine waliolia katika ofisi hiyo hiyo, wanaume pia, ambao sikuwaandika hata mmoja.

Mliosoma uhasibu mtanielewa hapa. Ukifunga vitabu na pande mbili zikatae kulingana, hutupi ile tofauti. Unaiweka katika akaunti ya muda, inakaa pale ikionekana, halafu unarudi stakabadhi kwa stakabadhi mpaka upate mahali ilipoingilia. Mwanafunzi mvivu yeye hubadilisha tarakimu moja ili hesabu ikubali. Mimi nilikuwa nimebadilisha tarakimu kwa muda mrefu sana.

Kwa hivyo safari hii sikujihukumu. Sikuandika, "Wewe ni mchungaji gani?" Nilijiuliza swali dogo tu: mara ya kwanza kujisikia hivi nilikuwa wapi? Usiku wa kwanza hakuna kilichokuja. Usiku wa pili niliandika mambo ya ratiba ya kanisa, nikaenda kulala. Usiku wa tatu nikajikuta naandika habari za barua.

Nilikuwa kidato cha pili, nimefukuzwa karo. Baba aliandika barua akanipa nizungushe kwa jamaa zetu watatu, kwa miguu. Hati yake ilikuwa nzuri, ile ya watu waliochapwa wakifundishwa kuandika. Nyumba ya pili, mwenye nyumba aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Alipomaliza kuisoma, akaangalia saa yake.

Nikiwa njiani kurudi niliapa kwamba mimi sitasimama tena kwa mlango wa mtu maishani mwangu. Nilipookoka nilileta mengi madhabahuni, lakini kiapo hicho sikukileta. Nisingekileta vipi? Sikukiona kuwa dhambi. Nilikiona kuwa bidii, na kweli ndicho kilichonivusha mpaka chuo kikuu. Kumbe shida yangu na yule mama haikuwa machozi yake. Huyo mama huja na barua ya shule ndani ya bahasha, na anaishika kwa mikono miwili, vile mimi nilivyoishika ile ya baba.

Najua kuna mpendwa anayesoma hapa akitikisa kichwa. Atasema: Pastor, mtu akiwa ndani ya Kristo ni kiumbe kipya, 2 Wakorintho 5:17 iko wazi, tunafukua ya kale ya nini? Nauamini mstari huo kwa moyo wote na nimeuhubiri. Lakini Paulo aliyeuandika hakuacha kueleza jinsi alivyolitesa kanisa. Anasema hivyo kwa Wagalatia, anasema hivyo kwa Timotheo, na katika Matendo anasimulia mbele ya watu mara zaidi ya moja. Kufanywa mpya hakukumfanya asahau. Tena, kile nilichokipata kwenye daftari hakikuwa cha kale hata kidogo. Kilikuwa cha Jumanne saa nne asubuhi, ndani ya ofisi ya kanisa, na mhuri wa kanisa uko mezani. Aliyekuwa analipia si mimi. Ni mama wa watu.

Pingamizi jingine nimelisikia kwa wazee, nalo ni zito zaidi: kwamba huku kujiuliza polepole ni kuibembeleza dhambi. Dhambi inakemewa! Hapa naomba msome 1 Wafalme 19 taratibu. Elia amekimbia, amechoka, anaomba kufa. Mungu hamwulizi kitu mara moja. Kwanza anamwacha alale, anamlisha, analala tena, analishwa tena. Anatembea siku arobaini mpaka Horebu, na ni huko pangoni ndipo anapoulizwa anafanya nini pale. Elia anatoa jibu lake, la kwamba amebaki peke yake. Baada ya upepo na tetemeko na moto na ile sauti ya utulivu, Mungu anamwuliza swali lile lile. Na Elia anajibu vile vile! Ukilinganisha mstari wa 10 na wa 14, ni kama mtu anayerudia ushuhuda aliokariri. Mungu hakumfokea. Alimpa kazi ya kufanya, kisha akamrekebisha hesabu: kuna watu 7,000 waliobaki. Elia alikuwa amekosea kwa watu 7,000, na Bwana alimwambia mwishoni, baada ya kumsikiliza mara mbili.

Adamu alisema mwenyewe kwa nini alijificha: aliogopa. Mtu mwenye hofu hasemi ukweli, hata kwa daftari lake. Wengi wetu tukikaa kujichunguza tunaitumia sauti ya yule mshitaki wa Ufunuo 12, tunajirarua, tunalia, halafu tunainuka tukidhani tumefanya toba, na kumbe hatujaona kitu. Mimi nimefanya hivyo kwa kesha nyingi. Nilitubu "kiburi" kwa jumla miaka kumi. Ile bahasha sikuiona.

Ila ni lazima niseme unaandika kwa nani. Ukijiandikia mwenyewe, baada ya wiki mbili utakuwa wakili wako, unajitetea kwa lugha nzuri. Mimi huanza kila ukurasa na neno "Bwana". Si jambo jipya. Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika Maungamo yake karibu mwaka 400, na kitabu kizima anaongea na Mungu. Humo anatumia kurasa nyingi kwa wizi wa mapeasi alioufanya na wenzake akiwa na miaka 16. Hawakuwa na njaa, mengi waliwatupia nguruwe. Anauliza na kuuliza, mpaka anagundua kwamba angekuwa peke yake asingeiba. Mungu hakuwa na haja ya kuambiwa habari za mapeasi. Augustino ndiye aliyekuwa na haja ya kuzisikia akizisema mbele za Mungu.

Mambo mawili ya kuangalia. Usiandike siri za watu waliokuamini, wala usiliache daftari mezani sebuleni. Na kuna maumivu ambayo usiyafungue peke yako usiku: ikiwa uliwahi kudhulumiwa mwili, ama mawazo ya kujiua yanakujia, funga daftari na umtafute mtu, mchungaji, mshauri, daktari, usiku huo huo ikibidi. Hata kwa mambo madogo, daftari halichukui nafasi ya Yakobo 5:16, pale tunapoambiwa tuungamiane. Mimi nilimsomea mke wangu ukurasa ule. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba hata yeye akiniomba pesa za nyumba mimi huangalia saa.

Hilo sikuwa nimeliandika.

Yule mama alirudi mwezi uliopita. Nilivua saa nikaiweka kwenye droo kabla hajaingia. Nikamwomba msamaha kwa vile nilivyokuwa nikimpokea. Akasema hakuwa ameona shida yoyote, na sijui kama huo ulikuwa ukweli au adabu tu. Kisha akatoa bahasha, na ile hasira ikaja, ndogo, lakini ikaja. Sikuipa jina lingine safari hii. Nilimvutia kiti, nikamwuliza kijana anasoma masomo gani, tukaongea kama nusu saa. Risiti niliomba vile vile. Wazee walipitisha nusu ya karo, na hiyo nusu nyingine bado tunaitafuta, kwa hivyo yeyote mwenye mzigo wa kusaidia amwone mweka hazina.

Nawe dada uliyeniuliza, kama hili la pili nalo halijatosha, niko ofisini Jumanne kuanzia saa nne.